Mbwa Waliotutungia Sheria

Watu wanaooa au kuolewa katika familia yetu huchukua muda kutuzoea. Mume wangu mwanzoni alidhani ni mila za Kiluguru. Aliona ndugu zangu wote, hata wenye nyumba zao Dodoma na Dar es Salaam, wanafunga mwavuli kabla ya kufika getini, hata mvua iwe ya kupasua mabati. Aliona tunasali sala ya chakula tumekaa, tena kila mmoja ameshika sahani yake. Aliona hakuna anayekimbia uani, hata simu ikilia ndani. Siku alipopata ujasiri wa kumuuliza mkwewe asili ya mila hizo, mzee alimjibu bila kucheka: "Hizo si mila, mwanangu. Hizo ni amri za mbwa."

Baba yangu alikuwa bwana mifugo Morogoro. Alisomea Mpwapwa, akapangiwa kazi na kupewa baiskeli ya Swala na sanduku la dawa. Kwenye karatasi kazi yake ilikuwa ng'ombe: majosho, chanjo za kimeta na chambavu, kukagua nyama machinjioni. Lakini kwa watu wa mtaani bwana mifugo ni daktari wa kila chenye miguu minne, na mtu akichoshwa na mbwa wake alimpeleka kwa baba na ombi moja tu: "Daktari, nimalizie huyu." Miaka ile mbwa asiye na mwenyewe alipigwa risasi au alitegewa nyama yenye sumu, kwa hiyo ombi hilo halikumshtua mtu. Baba aliitikia vizuri, akapokea kamba, akamuaga mwenye mbwa. Jioni tulimwona akikata kona ya mtaa wetu wa Bigwa anasukuma baiskeli badala ya kuipanda, na mama, aliyekuwa akichambua mchele kibarazani, akauliza kabla hajajua hata ni wa rangi gani: "Na huyu naye kakosa nini?"

Ndilo swali lililotakiwa kuulizwa. Kila mbwa aliyefika kwetu alikuja na mashtaka yake: huyu mwizi, huyu mtoro, huyu kichwa hakimtoshi. Baba hakuamini mbwa mbaya. Aliamini kwamba mbwa alijifunza jambo mahali fulani, akalijifunza barabara kabisa, halafu akahamishiwa mahali ambapo jambo hilo halitakiwi. Nimeishi na hao mbwa utoto wangu wote na nakubaliana naye, ila yeye hakuwa anashinda nao nyumbani.

Nianze na Hayakuhusu, maana huyo nusura atufarakanishe na mtaa mzima.

Mbwa wa uswahilini hapewi jina bure. Wako akina Simba, Tomi na Bosi, sawa. Lakini wako pia Majungu, Utajiju, Watachoka na Mwisho wa Ubaya. Mtu ana ugomvi na jirani, hataki kumtukana usoni, basi anamwita mbwa wake. Khanga hufanya kazi hiyo kwa maandishi, na lazima mlengwa awe karibu ili aisome. Mbwa anaitwa kwa sauti, tena magharibi, watu wote wakiwa nyumbani. Mwenye Hayakuhusu alikuwa na kesi ya mpaka wa kiwanja kule Kihonda. Alipohamishiwa mkoa mwingine kesi aliiacha, na mbwa akamwacha kwa baba.

Alikuwa jike, rangi ya udongo, sikio moja nusu. Tulijaribu kumbadilisha jina. Tukamwita Malaika, tukamwita Popi, mdogo wangu akamwita Sukari kwa siku kadhaa huku ameshika kichwa cha dagaa. Mbwa aliangalia pembeni kwa adabu, akidhani tunamwita mtu mwingine. Na alikuwa mtoro, kwa hiyo kumwita kulikuwa hakuepukiki.

Jioni ya kwanza alitoka mbio mara tu geti lilipofunguliwa. Mama akajifunga khanga kiunoni, akasimama nje kumtafuta. Wakati huo huo lori lilikuwa limesimama mbele ya nyumba yetu linashusha matofali, na jirani yetu wa upande wa kisima, mwanamke mkarimu ambaye hakupenda habari impite, akatoka kuuliza.

"Jirani, matofali yote hayo mnajenga nini?"

"Hayakuhusu!" mama akapaza sauti, macho kule barabarani.

"Unasemaje?"

"Hayakuhusu! Rudi nyumbani!"

Mama anaapa kwamba hakumsikia jirani kabisa. Jirani alirudi nyumbani kweli, na kesho yake akapeleka shauri kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi wetu alikuwa mzee mstaafu wa reli, mtu wa taratibu. Alisikiliza upande wa kwanza, akasikiliza wa pili, akaagiza mbwa aletwe awe kielelezo. Akamtaka mlalamikaji amwite mbwa kwa jina lolote alipendalo. Jirani akaita majina mazuri mazuri, mbwa akawa anajikuna. Ndipo balozi mwenyewe akakohoa, akaita kwa sauti ya mkutano wa hadhara: "Hayakuhusu!" Mbwa akainuka, akavuka baraza lote, akaja kukaa juu ya kiatu chake. Shauri likafutwa, tukanywa chai. Wiki iliyofuata jirani alinunua jogoo na kumwita Yananihusu, na kwa muda mrefu kila magharibi mtaa wa Bigwa ulisikiliza mjibizano wa mifugo.

Sheria ya mwavuli nayo ni ya Hayakuhusu. Huko alikotoka alikulia ndani ya uzio, hajui barabara. Baba alitueleza kwamba mtoto wa mbwa ana dirisha fupi, tangu wiki ya 3 hadi kama ya 12 au 14 ya maisha yake, ambapo anachokiona anakihesabu kuwa ni sehemu ya dunia: watu wazima, watoto, kuku, pikipiki. Asichokutana nacho katika kipindi hicho anaweza kukiogopa hadi uzeeni. Hayakuhusu hakuwa ameona mwavuli ukifunguka. Kwake ilikuwa ni mnyama mwembamba anayening'inia mkononi, kisha ghafla anavimba na kumkabili. Masika Morogoro si mchezo, Uluguru ule pale unakusanya mawingu, na njia ya kwenda kanisani ilipita kwetu. Katekista wetu alipoteza mwavuli mweusi Jumapili moja, tukauona siku ya pili juu kwenye migomba, mifupa mitupu.

Dawa ya baba haikuwa fimbo. Alichukua mwavuli wa bluu wa mama, akaufungua, akaulaza uani, akaweka dagaa pembeni yake. Kesho yake dagaa wakasogea kidogo kuuelekea. Akaendelea hivyo, kila siku kidogo, mpaka mbwa akawa anakula chini ya mwavuli wenyewe. Ilifanya kazi vizuri mno. Hayakuhusu aliupenda mwavuli wa bluu, akawa analala humo wakati wa jua kali, na mama akakosa mwavuli. Miavuli mingine yote ya dunia ilibaki adui.

Komredi alikuja mapema zaidi, mwaka 1992, na kosa lake lilikuwa siasa.

Mazimbu, upande wa pili wa mji wetu, palikuwa shamba la zamani la mkonge ambalo Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini. Mwaka 1978 shule yao ikaanza hapo, baadaye ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 1979. Kwa miaka mingi watoto wa uhamishoni walisoma na kulima pale, na sisi wa mjini tukajua nyimbo zao kwa kuzisikia tu. Marufuku dhidi ya ANC ilipoondolewa mwaka 1990 wakaanza kurudi kwao, na 1992 majengo yakakabidhiwa kwa Tanzania. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Waliokuwa wakifunga mizigo waligawa walichoshindwa kubeba. Wengine walipata makabati, wengine masufuria. Baba alipata mbwa.

Alikuwa mkubwa, mpole, mwenye uso wa mzee aliyeonewa kazini. Hakuuma, hakuiba. Tatizo lake ni kwamba hakukubali kuwa amehama. Kila asubuhi, baada ya kupata ukoko wake wa ugali, Komredi alitoka, akavuka mji mzima, akaenda Mazimbu kuangalia kama wamerudi. Jioni alikuwa amechoka kutembea, akawa anapanda gari. Mwanzoni makondakta walimfukuza. Baadaye wakamzoea, akakaa chini ya kiti cha nyuma, na ilikuwa kawaida kusikia mtu anapiga bodi ya daladala: "Shusha Komredi!" Baba alilipishwa nauli yake mwisho wa mwezi, bei ya mwanafunzi, baada ya majadiliano.

Hakujua pia Kiswahili chetu. Kaka yangu mkubwa akaenda kumtafuta mama mmoja wa Afrika Kusini aliyeolewa Morogoro na kubaki, akafundishwa kwamba kumwita unasema "Woza!" Akarudi amejaa fahari, akatukusanya uani tushuhudie. Akaita: "Woza!" Komredi akasimama ghafla, masikio juu, mkia unapiga huku na huku. Akamtazama kaka, akatutazama sisi wote mmoja mmoja, kisha akaruka uzio wa michongoma na kwenda Mazimbu.

Mwaka huo huo bibi mzaa mama alikuja kutoka Bagamoyo kukaa nasi. Bibi alikuwa mtu wa swala tano na madhehebu ya Shafii, ambamo mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo kilichorambwa huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Hakuwa na chuki. Alisema mwenyewe kwamba mbwa wa ulinzi na wa mifugo anaruhusiwa, na kwamba wale vijana wa pangoni katika Kurani walikuwa na mbwa wao mlangoni. Alichotaka ni umbali. Kwa bahati mbaya Komredi, aliyekuwa baridi kwa watu wote, alimpenda bibi kufa. Alimfuata msalani akamngoja nje. Aliweka kidevu juu ya kandambili zake. Bibi akaweka kopo la udongo safi pembeni ya mlango, na kila siku kulikuwa na kitu cha kuoshwa, mpaka mama akasema kwa utani kwamba mlima Uluguru unaisha.

Halafu kukawa na suala la alfajiri. Komredi aliitikia kila sauti ndefu isiyokatika. Honi ya treni ya reli ya kati aliiitikia. Adhana aliiitikia kwa moyo wake wote, kichwa juu, macho yamefumba. Watu wana maelezo yao ya kutisha kuhusu jambo hilo, kwamba mbwa ameona kitu. Baba alisema mbwa hulia hivyo kuitana na wenzake walio mbali, na sauti ndefu inayopanda taratibu inamgusa pale pale anapoguswa na mlio wa mwenzake, hakuna zaidi. Tena mbwa husikia sauti nyembamba sana ambazo sisi hatuzipati kabisa, ndiyo maana Komredi alianza kabla ya muadhini: alisikia kipaza sauti kikiwashwa. Bibi, aliyekuwa na masikio mazito, aligundua hilo. Akawa anaamka kwa Komredi, anapata muda wa kutawadha bila haraka. Mama alipomchokoza kwamba sasa amempenda mbwa, bibi alikata maneno: "Sijamsifu. Nimesema anawahi."

Bili naye simalizi habari zake. Alitoka kwenye baa moja ya karibu na stendi ya Msamvu, na huko alikuwa amejifunza kanuni moja iliyo wazi: mteja akiwa amekaa, nyama ni yake, akisimama, ameshalipa, na kilichobaki mezani ni cha Bili. Hakuwahi kumpokonya mtu aliyekaa. Kwa hiyo hatukujua lolote mpaka siku ya kipaimara cha dada yangu, nyumba imejaa, kuku wameungwa nazi, pilau iko mezani, na mgeni wa heshima akatuomba tusimame tubariki chakula. Tukasimama wote, tukafumba macho. Sala ilikuwa ndefu. Tulipofika kwenye Amina hapakuwa na kuku.

Huyo ndiye mbwa pekee aliyemuuma mtu wa kwetu, na sitalifanyia mzaha. Mdogo wangu wa mwisho alitaka kumnyang'anya mfupa. Mbwa aliyekulia kugombea makombo hulinda chakula, hukaza mwili, hula haraka zaidi ukimkaribia, hutoa sauti ya chini. Hizo zote ni onyo, na mtoto hakulijua. Jino liliingia kidogo tu kwenye kiganja. Baba hakumpiga mbwa wala hakumfokea mtoto. Alimpeleka kwenye bomba, akachukua sabuni ya kipande, akaosha kidonda huku anaangalia saa, dakika 15 kamili, maji yanatiririka. Mama mmoja alikuwa ameshakuja na nywele za mbwa ili zichomwe zipakwe kwenye kidonda. Baba akamshukuru, akazitupa, akampakia mtoto kwenye baiskeli kwenda hospitali kuanza chanjo. Bili akafungwa kwenye banda, akaangaliwa siku 10, maana mbwa mwenye virusi vya kichaa kwenye mate huwa anaonyesha ugonjwa au anakufa ndani ya muda huo. Hakuugua. Alinenepa.

Baba alikuwa mtu wa utani kwa kila jambo isipokuwa kichaa cha mbwa. Alishaona mtu akifa nacho, akasema hataki kuona tena. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona, na karibu watu wote wanaokipata wamekipata kwa mbwa. Lakini kidonda kikioshwa na chanjo ikianza mapema, mtu anaishi. Na ukichanja mbwa 70 katika kila 100 wa eneo, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Septemba 28, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, sasa ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na ukisikia gari la matangazo mtaani kwako wakati huo, peleka mbwa wako. Baba hakungoja tarehe. Kila mbwa aliyeletwa na ile baiskeli alichomwa sindano kabla ya kupewa jina, kama hakuja nalo.

Watu huniuliza, wakisikia hadithi hizi, kama inafaa kuchukua mbwa mtu mzima aliyeachwa. Siku hizi kuna wanaoifanya kazi ya baba kwa mpangilio. Arusha kuna shirika la Mbwa wa Africa, Nairobi kuna KSPCA. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, ingawa mtaani kwangu naona wengi hawajaisikia. Mimi hujibu kwamba inafaa kama una subira na huna viatu vya bei. Uliza alikotoka alikuwa anafanya nini kutwa. Wiki za mwanzo usimwonyeshe kwa watu, usimwogeshe ogeshe, mtu mmoja amlishe, saa ile ile, mahali pale pale. Akila, mwache. Ukitaka kumwondolea kitu, mpe kitu bora zaidi badala yake, naye atazoea kwamba mkono wako unaleta, haunyang'anyi. Fimbo itamfundisha tu kukuogopa wewe, na kukuuma bila onyo kwa sababu onyo ndilo lililompigisha. Hayo ni ya baba yote. La kwangu ni moja: usisome kibao cha MBWA MKALI ukakiamini. Kwetu hakikuwahi kuwepo, na hapo ndipo Meja alipoishi.

Meja alistaafu kwenye kampuni ya ulinzi kwa sababu ya nyonga. Alikuwa mzee, mweusi mgongoni, mwenye heshima zake. Kazi aliyofundishwa ni kumzuia mtu anayeondoka eneoni. Kuingia haikuwa shughuli yake. Huko kazini geti lilikuwa na mlinzi mwenye bunduki. Kwa hiyo mgeni wetu alibisha hodi, akauliza lile swali la kila mtu, "Mbwa amefungwa?", akaambiwa ni mpole, akapita mbele ya Meja bila hata kutazamwa. Akanywa chai, akaongea, akaaga. Ndipo alipomkuta Meja amelala katikati ya kijia, ametandaza mikono, anatoa sauti ndogo ya tumboni. Hakuuma hata siku moja. Hakuhitaji. Ukikimbia, alikimbia nawe hadi ukutani, akakusimamisha hapo. Tumekaa na msoma mita za umeme mpaka akala ugali nasi. Waliokuja kukusanya michango ya harusi walichanga wenyewe wakitumaini kuachiwa.

Baba alikuwa na ishara ya mkono ya kumwondoa, lakini baba alikuwa kazini. Baadaye tukagundua njia nyingine: mmoja wa watu wa nyumbani akimshika mgeni mkono, wakatoka pamoja, Meja alisogea. Ikawa ndiyo desturi.

Desturi hiyo ilikwama siku kijana mmoja wa Kilosa alipokuja kumsalimia dada yangu. Alikuja saa nane mchana, suruali imenyooshwa, akadai alikuwa anapita tu. Baada ya soda akaaga. Meja akalala kwenye kijia. Sasa dada hawezi kumshika mkono kijana wa kiume mbele ya mama. Mama hawezi kumshika mkono kijana asiyemjua. Sisi wadogo tulikatazwa kusogea, na kaka alikuwa anacheka mno hata hakufaa. Kijana akarudi kukaa. Baba alikuwa Mvomero kwenye chanjo, akarejea usiku umeshaingia. Muda wote huo mama alikuwa na huyo mtu sebuleni, hana pa kukimbilia. Alimuuliza ukoo, kazi, dini, mshahara, afya ya wazazi, na kama anakunywa. Kijana akasaidia kuchambua mchele. Baba alipomwachia, mama alikuwa ameshaamua, na dada akaambiwa mambo aliyokuwa hayajui kuhusu mchumba wake.

Posa ikaja, ikafuata siku ya kupanga mahari. Kwetu Waluguru baba hana sauti kubwa kwenye kikao hicho. Mjomba ndiye mwenye neno. Baba akaenda kukaa kwa jirani mwenye jogoo, asubiri kuitwa. Mshenga aliingia na wazee wake wanne, wakapita mbele ya Meja bila shida. Mjomba akatamka kiasi. Wageni wakashtuka inavyostahili, wakaomba ruhusa watoke nje kidogo washauriane. Kila mtu anajua kwamba kushauriana nje ndiyo silaha ya upande wa muoaji: huko ndiko wanakopanga waseme wana shilingi ngapi.

Wakafika mlangoni, wakarudi. Mshenga akasema kuna mbwa. Mjomba akasema anamjua. Mshenga akaomba washikwe mikono, kama alivyosikia kwamba ndivyo inavyofanywa. Mjomba akauliza ni lini katika maisha yake aliona mtu anamshika mkono mpinzani wake katikati ya shauri. Basi ikabidi wazee wa Kilosa washauriane pale pale sebuleni, vichwa vimeinamiana kwenye kona ya kabati la vyombo, wananong'ona, na wajomba zangu wamekaa hatua mbili kutoka kwao wanatazama dari. Tulisikia kila kitu. Tulisikia wanacho kiasi gani, tulisikia wangekubali hadi wapi, tulisikia hata mbuzi wa akiba aliyefungwa nyuma ya gari. Waliporudi mezani mjomba akataja tarakimu ile ile, na mbuzi juu.

Mpaka leo shemeji zetu wa Kilosa wanadai kwamba mahari ilipangwa chini ya ulinzi, na kwamba mbuzi mmoja anapaswa kurudishwa. Hulitaja kila harusi, kila msiba, wakishashiba. Baba akiulizwa kwa nini siku ile hakuja kumwita Meja, husema alikuwa anasikiliza taarifa ya habari. Mama hana muda wa mjadala huo. Anasema mbuzi aliliwa siku ile ile, nyama wakala wao pia, na mifupa yote akapewa Meja, kwa hiyo kama kuna mtu wa kudaiwa, wakamdai yeye.